Namba za Kirumi kwenye saa, na kupiga hesabu ya mwezi kwa kalamu tu: mwongozo kamili kutoka Moshi

Wakuu habari za majukumu. Hapa Moshi kuna maswali matatu nayasikia mara kwa mara mpaka nimeona niyaandikie sehemu moja yaishe. La kwanza ni la mtu aliyenunua saa ya mkononi au ya ukutani, akaangalia nne imeandikwa IIII badala ya IV, anakuja amenuna anauliza "hii si feki kweli?" La pili ni la mwenye saa yenye kale kadirisha kenye kamwezi ka dhahabu na nyota, hajui kanafanya nini wala kanasetiwaje. La tatu ni la hawa ndugu zetu waongozaji wa Mlima Kilimanjaro: mgeni anataka kufika kileleni na mbalamwezi mwakani mwezi wa pili, tarehe gani aanze? Yote matatu yanajibika bila bando, karatasi na kalamu vinatosha, na kalkuleta ya simu kama unaona uvivu.

Tuanze na namba maana ndizo rahisi.

HERUFI ZENYEWE

Namba za Kirumi ni herufi saba tu. I ni 1, V ni 5, X ni 10, L ni 50, C ni 100, D ni 500, M ni 1000. Kwenye uso wa saa utakutana na tatu za mwanzo peke yake, zile nyingine ni za miaka kwenye majengo, mawe ya msingi na migongo ya saa za zamani.

Kanuni ni hivi: herufi ndogo ikikaa kulia kwa kubwa unajumlisha, VI ni 6, XII ni 12. Ikikaa kushoto unatoa, IX ni 9. Na kutoa kwenyewe kuna masharti, I inatolewa kwenye V na X tu, X inatolewa kwenye L na C tu, C inatolewa kwenye D na M tu. Ndiyo maana 99 haiandikwi IC, inaandikwa XCIX, unaanza na 90 (XC) halafu 9 (IX). Ukitaka kuandika mwaka vunja kwanza: 1961 ni 1000 + 900 + 60 + 1, yaani M, CM, LX, I, ukiunganisha MCMLXI, mwaka wa Uhuru wa Tanganyika huo. Mwaka wa Muungano 1964 ni MCMLXIV. Na 2026 ni MMXXVI. Ukishafanya mitatu minne ya familia yako mwenyewe hutasahau tena.

SASA HII IIII

Hapa ndipo watu wanapogombana na wauza saa bure. Kwa kanuni niliyotoa hapo juu 4 ni IV, shuleni ukiandika IIII unakoseshwa. Ila kwenye saa IIII ndiyo desturi, tena saa za bei mbaya kabisa kutoka Uswisi zinaandika hivyo, Cartier wanaandika hivyo. Kwahiyo IIII peke yake haikuambii kuwa saa ni feki. Na IV nayo haikuambii chochote, saa kubwa ya Westminster kule London, ile watu wanaiita Big Ben ingawa hilo kiuhalisia ni jina la kengele, ilianza kufanya kazi 1859 na imeandikwa IV.

Mbona wanafanya hivyo? Utasikia hadithi nyingi, za mfalme wa Ufaransa aliyekasirika, za mungu Jupiter ambaye jina lake kwa Kilatini linaanza na IV kwahiyo Warumi waliogopa, mimi hizo naziacha pembeni. Zenye mashiko kwangu ni hizi.

Warumi wenyewe walikuwa wanaandika IIII bila shida. Milango ya Colosseum kule Roma ilikuwa na namba, na iliyobaki mpaka leo ni kuanzia XXIII hadi LIIII, yaani mlango wa 54 umeandikwa kwa vijiti vinne. Kumbe ile kanuni ya kutoa ilikuja kubanwa vizuri baadaye sana.

Pili ni muonekano. Namba za saa nyingi zimesimama miguu ikielekea katikati, kwahiyo zile za chini unazisoma kichwa chini miguu juu. Sasa IV ikipinduka na VI ikipinduka, zote zipo kule chini zimekaribiana, mtu ukitupa jicho haraka unazichanganya. IIII haichanganywi na kitu. Halafu IIII inalingana uzito na VIII iliyo upande wa pili, wakati IV ingeacha upande mmoja mwepesi. Na ukiangalia vizuri, namba nne za kwanza zina I tupu, nne zinazofuata zina V, nne za mwisho zina X. Imegawanyika tatu sawasawa.

Tatu, na hii naipenda kwa sababu ni akili ya fundi. Enzi zile namba zilikuwa zinamiminwa kwa chuma au shaba halafu zinabandikwa. Ukitumia IIII saa nzima inahitaji I ishirini, V nne na X nne. Zote zinagawanyika kwa nne, kwahiyo unatengeneza kalibu moja yenye I tano, V moja na X moja, unamimina mara nne umemaliza, hakuna kinachobaki. Ukitumia IV zinakuwa I kumi na saba na V tano, hesabu inaharibika. Hesabu mwenyewe kwenye saa yako utaona.

Ukitaka kutafuta feki angalia vitu vingine: namba zimechapwa zikapinda, III imekatwa nusu vibaya na kidirisha cha tarehe (kuikata yenyewe ni kawaida, kukata ovyo ndiyo tatizo), vijiti vya IIII havilingani unene. Cartier wana kamchezo kao, kwenye VII au X kijiti kimoja si kijiti, ni jina lao limeandikwa dogo mno, unahitaji lenzi ya fundi kuliona. Ila na wanaotengeneza feki siku hizi wanaliweka, kwahiyo usilitegemee peke yake.

KUSOMA SAA YA KISWAHILI KWENYE NAMBA ZA KIRUMI

Mtoto akikusumbua na hili mfundishe hivi: mshale mfupi unapoelekea, angalia namba iliyo mbele yake upande wa pili kabisa wa uso wa saa, hiyo ndiyo saa ya Kiswahili. Mshale upo X, upande wa pili ni IIII, basi ni saa nne. Mshale upo VII, upande wa pili ni I, saa moja. Mshale upo XII, upande wa pili VI, saa sita. Haibadiliki asubuhi wala usiku kwa sababu tofauti ni saa sita, na saa sita ni nusu ya duara. Dakika zenyewe zinasomwa kawaida kwa mshale mrefu, hizo hazigeuzwi, watoto wengi wanageuza vyote viwili hapo ndipo wanapotea.

Hili litakusaidia chini kwenye kuseti kamwezi, maana maelekezo ya kiwandani yanasema tisa usiku mpaka nne alfajiri kwa hesabu ya kizungu na wewe unatakiwa ujue mshale uko wapi.

SASA MWEZI

Kuanzia mwezi ulipokaa kati ya dunia na jua mpaka urudi tena pale pale inachukua wastani wa siku 29.530588, yaani siku 29, saa 12, dakika 44 na sekunde kama 3. Hiyo namba ndiyo moyo wa kila kitu kinachofuata. Umri wa mwezi ni siku zilizopita tangu pale mwanzo.

Umri 0 mwezi hauonekani kabisa, umekaa upande mmoja na jua. Umri wa siku 7.4 ni robo ya kwanza, unaona nusu yake ina mwanga. 14.8 ni mwezi mpevu. 22.1 robo ya mwisho, nusu tena ila ile nyingine. 29.5 umerudi sifuri. Na hapa kuna jambo watu wanachanganya, umri 0 sio mwezi kuandama. Mwezi ukiandama maana yake umeonekana kwa macho, magharibi, baada ya jua kuzama, na huo kwa kawaida una umri wa saa ishirini hivi au zaidi. Kwahiyo hesabu hii isitumike kubishana na watu msikitini kuhusu Ramadhani au Idd, kule kuna utaratibu wa kuuona na watangazaji wake. Hesabu inakuambia tu jioni ipi inafaa kwenda kuutafuta.

NJIA FUPI

Kila mwaka una namba yake, ambayo ni umri wa mwezi tarehe 1 Januari, saa tatu na robo usiku kwa saa zetu. Nimezipiga hizi hapa:

2025: 2.0
2026: 12.7
2027: 23.3
2028: 4.4
2029: 16.0
2030: 26.7

Na kila mwezi wa kalenda una nyongeza yake:

Januari 0, Februari 1.5, Machi 0, Aprili 1.4, Mei 1.9, Juni 3.3, Julai 3.8, Agosti 5.3, Septemba 6.8, Oktoba 7.2, Novemba 8.7, Desemba 9.2.

Unachukua namba ya mwaka, unajumlisha nyongeza ya mwezi, unajumlisha tarehe ukiwa umetoa moja. Ikizidi 29.5 unatoa 29.5, ikizidi bado unatoa tena. Basi. Mwaka wenye Februari ya siku 29, kama 2028, kuanzia Machi unaongeza 1 zaidi, usisahau hiyo.

Tujaribu na siku ambayo jibu tunalijua. Jumapili tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa wote, ukawa mwekundu kuanzia kama saa mbili na nusu usiku mpaka karibu saa nne, na huku kwetu ulionekana. Mwezi haupatwi isipokuwa ukiwa mpevu, kwahiyo hesabu lazima itoe 14.8 au karibu na hapo. 2.0 + 6.8 + 6 = 14.8. Imekaa.

Jaribu nyingine ya mbele: tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa, lote kabisa kwa watu wa Luxor Misri, huku kwetu litamegwa kiasi. Jua halipatwi isipokuwa mwezi ukiwa na umri 0. 23.3 + 5.3 + 1 = 29.6, toa 29.5 unapata 0.1. Safi.

Ukitaka miaka ya mbele zaidi, mwaka wa kawaida ukipita unaongeza 10.6 kwenye namba ya mwaka, ukipita mwaka wenye siku 366 unaongeza 11.6, ikizidi 29.5 unatoa. Mfano 2031: 26.7 + 10.6 = 37.3, toa 29.5, inabaki 7.8. Kwanini 10.6? Kwa sababu miezi kumi na miwili ya angani ni siku 354.4 na mwaka wa kalenda ni 365, hiyo ndiyo tofauti, na ndiyo hiyo hiyo inayofanya Ramadhani irudi nyuma siku kumi, kumi na moja kila mwaka.

NJIA NDEFU, KWA TAREHE YOYOTE

Hii ni ya mtu anayetaka kujua mwezi ulikuwaje siku aliyozaliwa, au siku ya harusi ya wazazi. Unahitaji siku moja ya kuanzia ambayo mwezi ulikuwa na umri 0, na inayotumika sana ni tarehe 6 Januari 2000, saa tatu na dakika 14 usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Hesabu siku zote kutoka hapo mpaka tarehe yako, gawanya kwa 29.530588, tupa namba nzima, kinachobaki baada ya nukta zidisha na 29.530588. Huo ndio umri. Kwa tarehe za kabla ya 2000 unahesabu siku za kurudi nyuma, na jibu unalitoa kwenye 29.5.

Mfano tarehe 1 Septemba 2016, ile siku jua lilipatwa likabaki pete na watu wakafurika Rujewa kule Mbeya. Kutoka 6 Januari 2000 hadi 6 Januari 2016 ni miaka 16, 16 mara 365 ni 5840, ongeza siku nne za miaka mirefu (2000, 2004, 2008, 2012) inakuwa 5844. Kutoka 6 Januari hadi 1 Septemba 2016 ni siku 239 maana 2016 nayo ina Februari ya 29. Jumla 6083. Gawanya unapata 205.99. Kinachobaki, 0.99, ukizidisha ni siku 29.2.

Umeona? Tulitarajia 29.5 au 0, tumepata 29.2 tena ya usiku saa tatu, wakati jua lilipatwa mchana. Tofauti ni kama saa 16 hivi. Sio kwamba umekosea, ni kwamba mwezi hauzunguki kwenye duara kamili, njia yake imevutika kidogo kama yai, ukiwa karibu na dunia unakimbia, ukiwa mbali unazubaa, kwahiyo miezi halisi inacheza kati ya siku 29.3 na 29.8 na sisi tunatumia wastani. Kwa kuseti saa na kupanga safari ya mlima tofauti ya nusu siku mpaka robo tatu haikusumbui. Kwa kujua dakika ya kupatwa kwa jua, hapana, hiyo waachie wenye kompyuta.

KADIRISHA KA MWEZI KWENYE SAA

Kwanza hakikisha ni ka kweli. Saa nyingi sana mitaani, hasa hizi otomatiki za bei poa, zina kadirisha kanaonyesha jua halafu mwezi, na hicho ni kionyeshi cha mchana na usiku tu, kinazunguka mara moja kwa saa 24. Nyingine ndiyo kabisa, picha ya mwezi imechapwa haisogei. Kipimo ni rahisi: zungusha mishale mbele saa 24 nzima huku unaangalia. Kama kisahani kimezunguka chote na umeona jua likapita, ni mchana na usiku. Kama kimesogea kidogo mno, kamstari tu, huo ni mwezi wa kweli.

Fundi mmoja hapa mjini aliwahi kunifungulia moja nione, kalenzi kapo jichoni, akaondoa mishale, akaondoa uso, chini yake kuna kisahani cha bluu chenye miezi miwili ya dhahabu imetazamana, na pembeni meno madogo madogo kama ya msumeno. "Hesabu meno," akaniambia, "utapata hamsini na tisa." Ndiyo hayo. Miezi miwili kwa meno 59, kila mwezi unapata siku 29 na nusu, jino moja siku moja. Kile kidirisha kina vichuguu viwili pembeni, mwezi unatokea kwenye kichuguu cha kushoto unaanza kuonekana kidogo, unajaa ukifika katikati, unaingia kichuguu cha kulia unapungua.

Sasa 29.5 na 29.530588 havilingani, kila mwezi kisahani kinatangulia dakika 44, na ikifika kama miaka miwili na miezi saba na nusu kimetangulia siku nzima. Saa za gharama zinatumia gia ya meno 135 na hizo zinakosea siku moja kwa miaka 122, wewe na mimi hatutakuwepo kuthibitisha.

Kuseti ni hivi. Zungusha mishale mbele mpaka tarehe iruke, hapo ni saa sita usiku, umejua saa yako ipo usiku au mchana. Endelea mpaka mshale mfupi upite VI, yaani saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tunafanya hivi kwa sababu kuanzia kama saa tatu usiku mpaka saa kumi alfajiri gia za tarehe na mwezi zimeng'atana, ukilazimisha muda huo unavunja jino, na jino la saa Moshi hupati, utaambiwa subiri mzigo kutoka Dar au usikie tu "hii haitengenezeki mzee." Halafu sogeza kamwezi, kama kuna kitundu pembeni mwa saa tumia kijiti cha meno cha mbao, usitumie pini ya chuma inakwaruza, kama hakuna kitundu basi ni kile kichwa cha kuzungusha ukikivuta hatua ya kwanza na kukizungusha upande mmoja wapo. Sogeza mpaka mwezi mpevu ukae katikati kabisa. Anza na mpevu, usianze na mwezi uliofichika, maana uliofichika hujui umefichika katikati au pembeni.

Piga hesabu ya umri wa leo. Ukiwa zaidi ya 15, toa 15, sukuma mara hizo. Umri 21, sukuma mara 6. Ukiwa chini ya 15, jumlisha 15. Umri 4, sukuma mara 19. Baada ya hapo seti tarehe halafu mwishoni ndiyo saa.

Na usishangae kamwezi ka saa kasipofanana na mwezi wa angani hapa kwetu. Saa zimetengenezwa na watu wa kaskazini, wao mwezi ukianza wanauona mwanga upo kulia. Sisi Moshi na Arusha tupo karibu kabisa na mstari wa ikweta, mwezi mchanga unauona umelala kama mtumbwi, pembe juu. Saa ni nzima, ni mahali tu ulipo.

KWA WAONGOZAJI WA MLIMA

Hapa ndipo naomba mnisikilize vizuri maana naona watu wanauza "safari ya mwezi mpevu" bila kuangalia mwezi upo angani saa ngapi. Mwezi unachelewa kuchomoza kama dakika 50 kila siku. Mwezi wa robo ya kwanza, umri 7, unaonekana mzuri jioni kambini, wageni wanapiga picha, halafu unatua saa sita usiku, saa ile ile mnayoondoka Barafu au Kibo, kambi za mwisho kabla ya kilele. Mnapanda gizani na taa za kichwani kama kawaida. Umri 12 watu wanasema "umekaribia mpevu, unatosha", unatua kama saa kumi na robo alfajiri, yaani unawaacha kwenye kipande kigumu kuliko vyote kabla ya kufika ukingoni juu, Stella Point au Gilman's.

Geuza sasa. Umri 17 unachomoza kama saa mbili na robo usiku na unabaki juu mpaka jua litoke. Umri 19 unachomoza saa nne hivi, mkiondoka saa sita upo juu tayari, mnakwenda nao mpaka kileleni Uhuru. Hata 20 unafaa. Kwahiyo siku mbili tatu baada ya mpevu ni bora kuliko siku mbili tatu kabla, na kambini jioni kunakuwa na giza wageni wanaona nyota vizuri, wanapata vyote viwili. Isitoshe tarehe yenyewe ya mpevu kila kampuni inaigombania, mkichelewa siku mbili Barafu kuna nafasi ya kuweka mahema.

Hesabu ya tarehe: mgeni anataka Februari 2027. Namba ya mwaka 23.3, Februari 1.5, jumla 24.8. Tunataka kufika mpevu 14.8, na kwa kuwa 24.8 imeshapita tunatafuta wa mzunguko unaofuata, 14.8 + 29.5 = 44.3. Toa 24.8 inabaki 19.5, ongeza ile moja, 20.5. Mpevu unaangukia usiku wa tarehe 20 kuamkia 21.

Njia ya Machame ya siku saba mnalala Machame, Shira, Barranco, Karanga, siku ya tano jioni mpo Barafu na usiku huo mnapanda. Ukitaka Barafu jioni ya tarehe 20 unaanza getini tarehe 16. Kwa ushauri wangu anza 18, mpande usiku wa 22 kuamkia 23, umri kama 16.3. Njia ya Marangu ya siku sita yenye siku ya kupumzika Horombo, Kibo ni siku ya nne, kwahiyo kwa usiku huo huo wa 22 getini tarehe 19. Marangu ya siku tano Kibo ni siku ya tatu, getini tarehe 20, ila hiyo ya siku tano mimi simshauri mtu, mwezi mzuri haumsaidii aliyeumwa na kichwa cha urefu.

Mgeni akitaka Aprili au Mei mpigie hesabu kama kawaida, mpe tarehe, halafu mwambie ukweli kabisa kabla hajalipa kwamba ni masika, na mwezi mpevu ukiwa juu ya wingu la masika huoni hata kivuli chako.